Ukitaka Kulishusha Gari, Anza na Tepu

Kabla hujamuuliza mtu bei ya springi, lipe gari lako nusu saa. Chukua tepu ya kupimia, chaki, na kile kikamba cha plastiki chenye meno ambacho mafundi umeme hufungia nyaya. Vitu hivyo vitatu vitakwambia mengi kuliko muuza spea yeyote. Wengi wetu huanzia upande wa pili: tunaona picha ya gari lililokaa chini, tairi limejaa vizuri kwenye madigadi, roho inapenda, tunalipia. Hesabu ya barabara tunakuja kuipiga tukiwa tumekwama juu ya tuta, bodaboda zinapita kushoto na kulia, na mama wa genge anatushauri tushushe abiria.

Mfano wangu utakuwa Subaru Impreza WRX ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kuanzia 2000 hadi 2007. Ndiyo ninayoendesha, na Dar es Salaam kama Nairobi ndilo gari ambalo vijana hulishusha hata kadi haijabadilishwa jina. Mwenye Legacy B4, Altezza au Mark X asifunge ukurasa; mengi ni yale yale, na yanapoachana nitasema.

Neno la kushika kwanza ni kugota. Gari likiwa limesimama, shokapu haijaingia yote. Kuna umbali umebaki kati ya kichwa cha shokapu na ule mpira wa kugotea uliovishwa kwenye rodi yake. Umbali huo ndio unaomeza shimo, tuta na rasta. Springi fupi haipunguzi uwazi wa juu ya tairi peke yake, inakula na umbali huo, karibu milimita kwa milimita. Ukilishusha gari sentimita 3, umezitoa sentimita 3 kwenye akiba ya kumeza mashimo, na akiba yenyewe haikuwa kubwa. Kwa hiyo usiulize gari lishuke kiasi gani. Uliza libakiwe na kiasi gani.

Tuanze kupima. Weka gari mahali tambarare, matairi yakiwa na upepo sawa, tangi nusu, usukani umenyooka. Lisukume mbele na nyuma kidogo ili saspensheni itulie. Sasa pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi, pande zote nne. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu upepo wa tairi na saizi yake vitakudanganya. Andika namba nne hizo mahali ambapo hutazipoteza. Mimi niliziandika kwa chaki ndani ya buti, kisha nikazipiga picha. Kama kushoto na kulia vinapishana kwa zaidi ya sentimita moja, usinunue kitu kwanza. Kuna springi iliyochoka au iliyokatika mzunguko wa chini kabisa, pale maji na matope yanapokaa. Gari lililotoka mikoa ya theluji ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi, huja na ugonjwa huo limeshaubeba, na hewa ya bahari yetu inaendeleza kazi.

Kuna la kuchekesha hapa. Huenda gari lako lilishashushwa kabla halijapanda meli. Kama bado una karatasi ya mnada ya Japani, mpe mtu anayesoma maandishi yao atafute neno ダウンサス, linalosomeka "daunsasu". Maana yake ni springi za kushushia. Akiona 車高調, "shakocho", basi gari lilifungwa shokapu za kurekebishwa kimo. Huna karatasi? Chungulia nyuma ya tairi. Springi za kiwandani kwa kawaida ni nyeusi, zina alama ndogo za rangi. Ya bluu, nyekundu au kijani iliyokolea haikutoka na gari. Namjua mtu aliyenunua springi za kushushia, akafunga, gari likapanda juu kwa sentimita moja na nusu. Alizotoa zilikuwa fupi kuliko alizonunua.

Pima na tumbo. Lala chini, tafuta kitu kilichoning'inia kuliko vyote. Mara nyingi si bodi, ni kiungo cha bomba la moshi au kava la plastiki chini ya injini. Kipimo hicho kiandike pia. Japani gari haliruhusiwi kupita ukaguzi wao, shaken, kama tumbo lina chini ya sentimita 9 kutoka ardhini, na pale barabara ni kama meza. Huku kwetu sentimita 9 ni za kuendea harusini na kurudi kwa kuvutwa.

Kikamba sasa, maana hapa ndipo penye siri. Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi, toa tairi la mbele. Utaona rodi ya shokapu imefunikwa na mpira wenye makunyanzi. Usukume juu. Funga kikamba kwenye rodi, kikaze kiasi cha kusogea kwa kidole lakini kisianguke chenyewe, kisha kishushe mpaka kiguse kichwa cha shokapu. Rudisha tairi, shusha gari, lisukume litulie. Kikamba kimeshasukumwa mpaka kimo cha gari kusimama. Kata usukani upate kuchungulia, weka alama hapo, kisha ondoka. Pita njia yako ya kila siku, kwa mwendo wako wa kila siku, usijifanye mpole kwa sababu unapima. Ukirudi, kikamba kitakuwa kimepanda kwenye rodi na kubaki pale pale palipokuwa mwisho wa safari ya shokapu. Kutoka kwenye alama mpaka kikamba ni umbali uliotumia. Kutoka kwenye kikamba mpaka mpira wa kugotea ni umbali uliobaki.

Mbele kwangu, kutoka Goba mpaka Mwenge na kurudi, nikiwa peke yangu, shokapu ilitumia milimita 55, zikabaki 25. Jumla 80. Namba hizo ndizo zilizoninunulia springi. Fundi na muuzaji walikuwa mashahidi tu.

Tahadhari moja: Impreza STI zilitoka na shokapu zilizogeuzwa kichwa chini, rodi imejificha ndani ya mguu, na kikamba hakina pa kukaa. Mwenye nayo itabidi apime kwa njia ya kienyeji zaidi: abandike donge la udongo wa kufinyangia kwenye kona ya ndani ya madigadi, au ategemee kipimo cha gari kushushwa taratibu bila springi, kazi ambayo fundi ataifanya siku ya kufunga.

Sasa tufanye hesabu, haitauma. Chukua akiba yangu ya milimita 80, na tuseme springi ya zamani ina ugumu wa kilo 3 kwa milimita, yaani kila kilo 3 zinaibonyeza milimita moja. Nikilishusha gari milimita 30, akiba inabaki 50. Ili springi mpya ifikie mpira wa kugotea ikiwa na nguvu ile ile ya kusukuma kama ya zamani, lazima iwe na ugumu wa 4.8. Lakini shimo halipigi kwa nguvu peke yake, linaingiza nishati, na nishati inayomezwa na springi hukua kwa mraba wa umbali. Ukitaka zile milimita 50 zimeze pigo lile lile lililomezwa na milimita 80, springi inatakiwa iwe na ugumu wa karibu 7.7, mara mbili na nusu ya ya mwanzo. Hakuna kampuni inayouza springi ya namna hiyo kwa gari la kwenda kazini. Ungeteremka kila jioni umeshika kiuno. Kwa hiyo springi za kushushia gari la barabarani zote zimekubali kugota mapema kidogo. Zinatofautiana katika kiasi zilichokubali.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa milimita 20. Akiba inabaki 60, na ugumu unaohitajika kwa pigo lile lile ni 5.3. Bado ni juu, ila shokapu nzuri na mpira mzuri vinaweza kuziba pengo. Ndiyo maana kwa barabara za mijini kwetu msimamo wangu ni milimita 20 hadi 25, na anayetaka 40 namwambia anataka gari la maonyesho. Wapo watakaokasirika. Hao niwakumbushe kwamba Impreza iliyoshinda Safari Rally mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae, na ile ya Richard Burns ya mwaka 2000, zilikuwa zimesimama juu ya miguu mirefu kama ngamia. Tunabandika jina la Subaru kwa heshima ya mbio zile, kisha tunalifanyia gari kinyume kabisa cha lile lililoshinda.

Ukifika kwenye kuchagua, utakutana na namba kwenye boksi. Wajapani huandika kilo kwa milimita, Wajerumani niutoni kwa milimita, Wamarekani pauni kwa inchi. Kilo 1 kwa milimita ni sawa na niutoni 9.8 kwa milimita, au pauni 56 kwa inchi. Geuza zote ziwe lugha moja kabla hujalinganisha. Na usilinganishe namba za gari moja na za jingine hata siku moja. Kwenye Impreza hii springi imekaa juu ya mguu wa shokapu, ule wa mtindo wa Earle MacPherson, mbele na nyuma; tairi likipanda milimita 10 springi nayo inabonyea karibu 10. Kwenye Mark X na Altezza, zenye mikono miwili mbele, springi imekaa ndani zaidi kwenye mkono. Tairi likipanda 10, springi labda inabonyea 7. Tofauti hiyo inahesabiwa mara mbili, 0.7 mara 0.7, hivyo springi ya kilo 8 tairi linaiona kama ya kilo 3.9. Kijana wa Mark X anayemcheka mwenye Subaru kwamba springi zake ni laini, za kilo 4.5 tu, huenda yeye ndiye mwenye gari laini.

Utaulizwa pia kama unataka springi ya ugumu mmoja au ya ugumu unaopanda. Ya kwanza mizunguko yake imeachana sawasawa. Ya pili imebanana upande mmoja, ili ianze laini na iwe ngumu inapobonyezwa. Kwa mbio za uwanjani, ya ugumu mmoja inaeleweka kirahisi na dereva. Kwa rasta na mashimo nachagua inayopanda bila kufikiri mara mbili. Ila kuna mtego: springi nyingine, gari likishakaa juu yake, mizunguko ile iliyobanana inakuwa tayari imegusana. Hapo haifanyi tena kazi ya ulaini, kazi yake imebaki kuizuia springi isilegee tairi linaponing'inia. Muombe aliyekwishafunga aina hiyo uchungulie gari likiwa limesimama. Mizunguko ikiwa imeshikana kama kurasa za kitabu, umeuziwa springi ya ugumu mmoja kwa maneno matamu.

Majina? Eibach wa Ujerumani wana Pro-Kit, na wana Sportline inayoshusha zaidi. Tein wa Yokohama wana H.Tech ya wastani na S.Tech ya chini. RS-R nao wana Half Down na Down. Wote hao ni watengenezaji wa kweli, na kila mmoja ana laini ya mpole na laini ya mkali. Chukua ya mpole. Tafuta kwa namba ya chesisi, si kwa jina la gari: GDA na GDB zote ni Impreza, na hazibebi uzito sawa wala hazina miguu sawa. Na sentimita zilizoandikwa kwenye katalogi zimehesabiwa kutoka kimo cha gari jipya. Gari lako lenye miaka 20 limeshaketi kwa uzee, pengine sentimita nzima, hivyo kushuka utakakokuona kwa macho kutakuwa kidogo kuliko kilichoandikwa. Usirudi dukani kugomba. Chunguza pia namba ya spea iliyochapwa kwenye waya wenyewe, ifanane na ya boksi, mbele na nyuma zitofautishwe. Springi isiyo na namba yoyote, hata ikiwa na rangi ya kupendeza, iache pale pale ilipo.

Nyuma kunataka maneno yake. Impreza hii ina ugonjwa unaojulikana dunia nzima: ukiishusha, mkia unaonekana umeketi kuliko pua, kwa sababu uwazi wa madigadi ya nyuma umekatwa tofauti na wa mbele. Watu huukimbilia ugonjwa huo kwa sababu ya sura. Mimi nauogopa kwa sababu ya Desemba. Ikifika mwezi huo nusu ya Dar inaelekea Moshi. Weka watu watatu wazima kiti cha nyuma, na buti lenye mizigo ya kilo 60. Kila tairi la nyuma limeongezewa kilo kama 110. Kwa springi ya kilo 3.5 mkia unashuka milimita 31 zaidi kabla gari halijawashwa. Kama akiba ilikuwa 80 na umeshakata 30, umebakiwa na 19, na bado hujafika Chalinze. Chagua seti ambayo nyuma inashuka kidogo kuliko mbele, au angalau sawa, kamwe isizidi.

Kuna sababu nyingine ya kutoiacha nyuma iwe nyororo. Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce kwenda General Motors, aligundua miaka ya 1930 kwamba gari hutulia likipita tuta kama nyuma yake inadunda kwa kasi kidogo kuliko mbele. Tairi la nyuma hulifikia tuta likiwa limechelewa. Likidunda haraka, linalikuta la mbele njiani na yote mawili yanatulia pamoja. Seti iliyokaza mbele sana na kuisahau nyuma hulifanya gari lipepesuke kama mtumbwi. Ukikaa kiti cha nyuma utajua mara moja. Wanunuzi wengi hawakai kiti cha nyuma.

Sasa kuhusu grainda. Fundi atakwambia, "Kaka, ya nini kununua? Tunakata mzunguko mmoja, gari inalala." Ni kweli italala. Ugumu wa springi unatokana na unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Springi ya mizunguko 6 ukiikata mmoja imekuwa ngumu kwa asilimia 20, na hiyo tu si dhambi. Dhambi ni kwamba aliyekata hajui atapata nini. Hajui kama waya uliobaki unaweza kubonyezwa mpaka mwisho bila kupindukia uwezo wake, na mwisho ulikokatwa haukai tena kwenye kiti chake kama ulivyofinyangwa. Inua gari hilo kwa jeki: springi inacheza, unaizungusha kwa mkono. Japani gari la namna hiyo halipiti ukaguzi. Tairi likiingia shimoni na kuning'inia, springi inahama kiti, na kinachofuata ni mlio ambao ukishausikia mara moja huusahau. Kubaya zaidi ni kuipasha moto wa gesi mpaka ikae yenyewe. Chuma cha springi kimepikwa na kupozwa kwa vipimo ili kirudi kikibonyezwa; ukikichoma kinasahau kazi. Gari litashuka siku ile, litaendelea kushuka mwezi ujao, na halitashuka sawa pande zote.

Shokapu nazitaja kwa ufupi kwa sababu jibu ni moja: springi mpya juu ya shokapu zilizochoka ni pesa uliyoitupa. Springi ngumu inarudi kwa nguvu zaidi, na shokapu ndiyo inayoituliza. KYB wana New SR Special, ambazo Japani huuzwa kwa ajili ya kuoanishwa na springi za kushushia. Bilstein wana B6 kwa gari lenye kimo cha kawaida, na B8 yenye mwili mfupi kwa lililoshushwa. Kama pesa haitoshi vyote viwili, nunua shokapu kwanza, springi zisubiri. Na kama kinachokukera ni gari kulala kwenye kona, wala si sura, angalia stabilaiza nene kidogo ya mbele na nyuma. Inapunguza kulala bila kukata hata milimita moja ya akiba. Nikiwa na shilingi za jambo moja tu kwa barabara zetu, hilo ndilo ningefanya, ingawa hakuna atakayepiga picha ya stabilaiza.

Linalowashangaza wengi ni kwamba gari lililoshushwa linaweza kulala zaidi kwenye kona kuliko mwanzo. Kwenye mguu wa MacPherson, mkono wa chini unateremka kutoka kwenye bodi kuelekea tairi. Ukilishusha gari, mkono unalala sambamba na ardhi. Ukizidisha unaelekea juu. Nukta ambayo bodi hulalia inaambatana na mkono huo, na inashuka haraka kuliko uzito wa gari unavyoshuka. Nafasi kati ya hivyo viwili inarefuka, na uzito unapata mpini mrefu zaidi wa kulisukuma gari kando. Sehemu kubwa ya ugumu ulionunua inaishia kufidia hasara uliyoitengeneza mwenyewe. Zipo boljointi zenye shingo ndefu za kurudisha mkono kwenye pembe yake. Ukishuka milimita 20 hazihitajiki, ukishuka 40 zinahitajika. Hiyo ni bei nyingine ya ile 40.

Siku ya kufunga, kaa gereji. Si kwa kumshuku fundi, kwa kumuokoa. Springi kwenye mguu wa shokapu imebanwa kwa nguvu za mamia ya kilo, na nati ya juu ikifunguliwa bila vibano inaruka kama risasi. Vibano viwe viwili, vikae vikitazamana, vikazwe kwa zamu, na asiwepo kichwa cha mtu mbele ya mguu. Fundi akisema atatumia kamba na uzoefu, chukua gari lako uondoke.

Umakini wa pili hausemwi sana. Bushi za mikono ni mpira ulioshikana na chuma, hazitelezi, zinajipinda. Bolti zake zikikazwa gari likiwa limening'inia juu ya jeki, ukilishusha bushi zote zinabaki zimejipinda saa ishirini na nne, na miezi michache baadaye zimechanika. Bolti ziingizwe, zisikazwe. Gari lishushwe likae kwa matairi yake juu ya shimo la gereji au mbao imara. Hapo ndipo zikazwe kwa kipimo. Nimeona bushi mpya zikilaumiwa kuwa feki, kumbe zilikazwa hewani.

Ukitoka hapo nenda alaimenti siku hiyo hiyo, na urudi tena baada ya wiki mbili tatu, kwa sababu springi mpya hukaa kidogo. Impreza ikishushwa, matairi yanainamia ndani kwa juu na mwelekeo wake wa mbele unabadilika. Watu wakiona tairi limelika ndani husingizia kule kuinama. Kuinama kidogo hakuli tairi haraka hivyo; kinacholila ni matairi mawili kutokuangalia upande mmoja, kila moja linaburuzwa kidogo kila mita unayoenda. Bolti ya juu inayoshika mguu wa mbele wa Impreza imetengenezwa kwa ekseni ya pembeni, ukiizungusha inarekebisha kuinama. Mwenye mashine ya alaimenti asiyeijua bolti hiyo atarekebisha tairodi tu na kukupa karatasi. Muulize kabla hujalipa. Mulika na taa zako ukutani usiku: nyuma ikishuka kuliko mbele, unawapiga wenzako machoni, na gari lenye taa za zenoni linaweza kuwa na kifaa cha kujirekebisha kilichofungwa kwenye saspensheni, ambacho nacho kinataka kuwekwa upya. Na wataarifu watu wa bima kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa. Ni barua ya mistari mitatu.

Kisha rudisha kikamba kwenye rodi. Njia ile ile, mwendo ule ule, safari hii na watu wawili nyuma. Ukirudi ukakikuta kimebakisha walau sentimita moja kabla ya mpira, kikate, endesha gari lako. Ukikikuta kimepondeka ndani ya mpira, zile springi za zamani usiwe umeshamuuzia mtu wa vyuma chakavu.